Kubadilisha Paipu za Breki na Kutoa Upepo Ukiwa Nyumbani: Mwongozo Kamili

"Nimebadilisha paipu, nimetoa upepo mara tatu, pedeli bado inazama. Ninunue masta silinda mpya?"

Swali hili linanifikia kuliko lingine lolote, na jibu langu huwa: weka pesa mfukoni kwanza. Mara nyingi masta, yaani pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedeli, haina kosa. Kilichoharibika ni mpangilio wa kazi ya kutoa upepo, yaani kuondoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki. Nipeli, ile skrubu ndogo yenye tundu ya kutolea hewa kwenye breki ya kila tairi, ilifungwa kwa kuchelewa, kikopo cha mafuta ya breki kiliachwa kikauke katikati ya kazi, au hakuna upepo kabisa na shida ni shuu za nyuma (vipande vinavyosugua) zilizokaa mbali na dramu, ngoma ya breki inayozunguka na tairi.

Ninaeleza kwa mfano wa Toyota ndogo ya usukani wa kulia, kama IST, Vitz au Probox: diski mbele, dramu nyuma. Magari mengi ya Kijapani hayatofautiani sana na haya.

## Kabla hujashika spana

Kama gari lako ni haibridi, mfano Prius au Aqua, usiendelee. Breki zake zina pampu ya umeme na sehemu inayohifadhi presha. Kwenye baadhi yake ukifungua mlango tu pampu inaamka, hata kama hujawasha gari. Kazi hiyo inahitaji kompyuta ya kuzungumza na gari, na fundi anayeijua.

Kwa gari la kawaida, hakikisha kwanza nini kimekufa. Lala chini na tochi ufuate paipu kutoka kwenye injini hadi nyuma. Paipu ya chuma yenye kutu nyepesi ya juu juu bado ina maisha. Ile yenye kutu inayobanduka magamba, au yenye unyevunyevu uliokamata vumbi, imekwisha. Chunguza hasa chini ya klipu za plastiki zinazoishikilia kwenye bodi, maana hapo tope hukaa na halikauki. Sisi wa pwani tuna chumvi ya bahari. Na magari yaliyotumika sehemu za baridi za Japani, kama Hokkaido, hutua bandarini yakiwa yameshaonja dawa ya kuyeyusha theluji. Gari linang'aa juu, chini limeliwa.

Mpira wa breki, yaani ile hozi inayoelekea kwenye breki ya tairi, ukunje kwa vidole. Ukiona nyufa, uvimbe au utelezi wa mafuta, badilisha. Badilisha na wa upande wa pili, kwa sababu umri wao ni mmoja.

Anza kazi Jumamosi asubuhi. Kuna kitu kitakatika au kitapungua, na ni vizuri kikatike wakati maduka ya spea bado yako wazi.

## Vifaa

Andaa vyote kabla ya kufungua nati ya kwanza. Mfumo ulioachwa wazi unavuja, unaingiza vumbi na unanyonya unyevu.

- Mafuta ya breki, lita moja, chupa mpya yenye lakiri. Soma kifuniko cha kikopo cha gari lako. Kikisema DOT 3, unaweza kutumia DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo, usiiguse hata ukiambiwa ni "ya juu zaidi".
- Spana ya nati za paipu, namba 10. Ni ringi iliyokatwa mlango mdogo ili ipite kwenye paipu. Inashika pande tano za nati, wakati spana ya mdomo wazi inashika mbili tu. Ukikosa vyote, usikose hii.
- Soketi ya pembe sita, namba 8 na 10, kwa ajili ya nipeli. Soketi ya pembe 12 inamenya.
- Spana ya matairi namba 21, jeki, stendi mbili au nne, na vigingi vya mbao.
- Mafuta ya kulegeza kutu na brashi ya waya.
- Paipu mpya ya milimita 4.76, ile inayouzwa kama 3/16, na nati zake. Nati za Toyota hizi huwa na uzi wa skrubu wa milimita 10 kwa 1.0.
- Kikata paipu kidogo na kifaa cha kukunja mdomo wa paipu.
- Mipira mipya ya breki ikihitajika, klipu zake na washa mpya za shaba (ringi bapa za kuzuia kuvuja), mbili kwa kila boliti.
- Mrija mwembamba unaoonyesha ndani, wenye kubana kwenye nipeli, na chupa tupu ya maji.
- Vitambaa safi, ndoo ya maji, glavu na miwani.
- Kipande cha mbao cha kuweka chini ya pedeli. Nitaeleza sababu.
- Mtu mmoja wa kukanyaga breki, anayesikia unachomwambia.

Kuhusu aina ya paipu: chuma chenye rangi ya kuzuia kutu ndicho kilichotoka kiwandani na kinafaa. Ile ya mchanganyiko wa shaba na nikeli inakunjika kwa mikono na hailiwi na kutu. Kwa pwani ndiyo ninayoipenda. Paipu ya shaba ya friji haifai hata kama inaingia vizuri.

Kifaa cha kukunja midomo si lazima ununue. Dar es Salaam ukienda Gerezani, au Nairobi ukienda Kirinyaga Road, utapata wanaokutengenezea paipu kwa kipimo ukiwapelekea ya zamani. Hakuna aibu. Mimi mwenyewe kwa miaka ya mwanzo nilikuwa nafungua nyumbani, nakwenda na paipu kuukuu imefungwa kwenye gazeti, narudi na mpya.

## Hatua ya 1: Nyanyua gari

Egesha mahali tambarare na pagumu. Weka vigingi kwenye matairi yatakayobaki chini. Legeza nati za matairi kabla ya kupiga jeki, nyanyua, kisha kalisha gari kwenye stendi.

Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Tofali na mawe hupasuka bila taarifa. Kabla hujaingia chini, lisukume gari kwa bega. Likicheza, lishushe uanze upya.

Vumbi jeusi la breki usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Pedi na shuu kuukuu zinaweza kuwa na asbesto. Loanisha na ufute.

## Hatua ya 2: Anza na nipeli, si paipu

Hapa ndipo wengi wanapojifunga. Wanabadilisha paipu saa tatu nzima, halafu wakifika kwenye kutoa upepo nipeli ya nyuma haifunguki, au inakatika.

Yalinikuta. Ilikuwa saa kumi jioni, paipu mpya imekaa inavutia, nikaweka spana ya kawaida kwenye nipeli ya nyuma kulia na kuivuta kwa hasira. Ikatoa mlio mdogo kama njugu inayopasuka. Kichwa kikabaki kwenye spana, mwili ukabaki kwenye silinda ndogo iliyo ndani ya dramu. Gari lililala juu ya stendi hadi Jumatatu.

Kwa hiyo, jioni ya kabla ya kazi, safisha nipeli zote nne kwa brashi ya waya na uzipulizie mafuta ya kulegeza. Nati za paipu utakazofungua nazo zipulizie. Asubuhi rudia.

Sasa vaa soketi ya pembe sita. Gonga kichwa cha soketi kwa nyundo ndogo mara kadhaa, taratibu, ili kutu ishtuke. Kisha jaribu kukaza kidogo sana kabla ya kulegeza. Ukisikia imeachia kwa mkato mmoja, irudishe ikafunge na uende nyingine.

Umefanikiwa ikiwa nipeli zote nne zinafunguka na kufunga. Moja ikikataa, usifungue paipu yoyote bado. Kwenye dramu, silinda nzima si ghali, na kuibadilisha ni rahisi kuliko kuchimba nipeli iliyokatikia ndani. Kama ni kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, afadhali uende kwa fundi breki bado zikiwa zinashika.

## Hatua ya 3: Zuia mafuta yasimwagike yote

Ukifungua paipu, mafuta yatashuka kutoka kwenye kikopo hadi kiishe, na masta ikikauka umejiongezea kazi ya nusu siku.

Dawa ni ndogo: sukuma pedeli ishuke kama sentimita tatu, kisha ikaze kwa fimbo kati yake na kiti. Ndani ya masta, pistoni inapita tundu linaloruhusu mafuta kushuka, na njia inazibika. Taa za breki zitawaka muda wote, kwa hiyo chomoa waya hasi wa betri.

Tandaza vitambaa vilivyolowa chini ya masta na kwenye madigadi. Mafuta ya breki hubabua rangi ya gari. Yakidondoka, mwagia maji mengi papo hapo. Ukifuta tu kwa kitambaa kikavu unayasambaza.

## Hatua ya 4: Fungua ya zamani

Piga picha kwanza, kila kona na kila klipu. Simu yako inakumbuka kuliko wewe.

Nati ya paipu inafunguliwa kwa vituo. Legeza robo, pulizia, kaza kidogo, legeza tena. Ukiona paipu inajisokota pamoja na nati, kutu imewaunganisha. Kama paipu hiyo unaitupa, ikate karibu na nati, kisha uweke soketi ndefu ya pembe sita juu ya nati moja kwa moja. Mbinu hii imeniokoa mara nyingi kuliko mafuta ya aina yoyote.

Mpira wa breki una klipu ya chuma yenye umbo la U kwenye bano la bodi. Fungua nati ya paipu ya chuma kwanza, ukishikilia kichwa cha mpira kwa spana ya pili, ndipo uchomoe klipu kwa koleo. Ukianza na klipu, mpira unazunguka, paipu inajinyonga na unanunua na paipu.

Ziba midomo iliyobaki wazi kwa vifuniko vidogo vya mpira au plastiki safi iliyofungwa kwa raba bendi. Usizibe kwa kitambaa, nyuzi zake zitaingia ndani.

## Hatua ya 5: Tengeneza paipu mpya

Pima urefu kwa uzi. Ulaze juu ya paipu ya zamani ukifuata kila kona, unyooshe, na uongeze sentimita moja kwa midomo miwili. Ndefu kidogo inasameheka kwa kukunja. Fupi haina msamaha.

Kata kwa kikata paipu, ukikaza kidogo kila mzunguko. Msumeno unaacha unga wa chuma ndani. Kisha kwangua ukingo wa ndani na wa nje hadi uwe laini, na upulize paipu ikiwa imeinama ili taka zitoke.

Sasa ingiza nati. Zote mbili, zikiwa zimeelekea upande sahihi. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi hii ametengeneza mdomo mzuri halafu akaiona nati iko mezani.

Magari ya Kijapani hutumia mdomo wa kukunjwa mara mbili: chuma kinapanuliwa, kisha kinarudishwa ndani yake chenyewe, kinakaa kama faneli yenye ukingo mnene. Magari mengi ya Ulaya hutumia mdomo wenye umbo la uyoga. Nati zinaweza kuingiliana kwa uzi, lakini midomo haikai pamoja, na kiungo kitavuja hata ukikaza hadi uzi uliwe. Mdomo wa kukunjwa mara moja, kama wa mafundi friji, haufai kwenye breki. Unapasuka.

Mdomo mzuri umesimama katikati, ni duara kamili, hauna mpasuko wala ngazi. Ukiwa na shaka nao, kata urudie. Fanya mazoezi kwenye kipande cha kutupa, mitatu au minne, kabla ya paipu yenyewe.

Kona zikunje kwa kuzungushia kitu cha duara, kama soketi kubwa. Paipu ikibonyea, hiyo sehemu imekufa.

Na hapa niseme bila kupepesa: paipu iliyooza usiiunge kwa mpira wa petroli na klipu za kukaza, wala kwa gundi, wala kwa kuchomelea. Nimeona zote tatu. Tairi lako lina presha ya kama bar 2.2. Ukikanyaga breki kwa nguvu, ndani ya paipu presha hupita bar 70 bila shida. Mpira wa petroli utakaa vizuri siku zote unazosimama taratibu, na utachomoka siku mtoto anapokatiza barabara.

## Hatua ya 6: Funga

Ifuate njia ileile ya zamani na utumie klipu zote. Paipu isiyoshikiliwa inatetemeka hadi inachoka. Isiguse ekzosi, isiguse kinachosogea, isining'inie chini ya bodi.

Kila nati ianze kwa vidole mizunguko mitatu angalau. Ikikataa, pindisha paipu kidogo hadi ikae sambamba na tundu; usilazimishe kwa spana. Usizungushie tepu ya fundi bomba kwenye uzi. Kinachozuia mafuta ni mdomo wa paipu, na tepu ikikatika vipande vyake vinasafiri hadi kwenye masta.

Ukiwa na spana ya kupima nguvu, nati za paipu ni karibu Nm (nyutoni-mita) 15. Bila kipimo: ikishagusa, vuta kwa mkono mmoja hadi uhisi imekuwa ngumu ghafla, basi.

Boliti yenye tundu inayofunga mpira kwenye kalipa hukaa na washa ya shaba juu na nyingine chini ya kichwa cha mpira. Zote mpya. Nguvu yake ni karibu Nm 30. Ukimaliza, zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, uangalie mpira: usivutike, usijisokote, usiguse tairi.

## Hatua ya 7: Kutoa upepo

Toa ile fimbo kwenye pedeli. Jaza kikopo hadi mstari wa juu, funika bila kukaza. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli ili isifike sakafuni. Kwenye gari la miaka mingi, sehemu ya mwisho ya masta haijawahi kupitwa na raba za pistoni na imekusanya uchafu. Ukikanyaga hadi chini unazipeleka raba zikakwaruzwe. Wengi wanaosema "masta ilikufa siku niliyotoa upepo" waliiua wenyewe hivi.

Anza na tairi lililo mbali zaidi na masta. Kwa usukani wa kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Usukani ukiwa kushoto, geuza. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, kifuate. Pickup yenye vali ya kupima mzigo karibu na ekseli ya nyuma inaweza kuwa na nipeli ya ziada hapo, iangalie.

Vaa mrija kwenye nipeli, na ncha yake izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Kisha mzunguko ni huu:

1. Msaidizi anakanyaga taratibu mara tatu au nne, anashikilia chini na kusema "Nimeshika."
2. Wewe unafungua nipeli robo mzunguko. Mafuta na mapovu yanatoka, pedeli inashuka. Asiachie.
3. Unafunga nipeli, ndipo unasema "Achia."
4. Anaachia polepole, anahesabu hadi tatu, mnarudia.

Siri yote ya kutoa upepo iko kati ya namba tatu na nne. Mguu ukiachiwa wakati nipeli iko wazi, hata kwa nukta moja, mfumo unanyonya hewa kupitia palepale ulipoitolea. Mnaweza kukaa hivyo hadi magharibi mkitoa na kuingiza.

Siku moja nilikuwa na mpwa wangu, ana miaka kumi na minne, miguu mirefu, simu mkononi. Nikaona mapovu hayaishi. "Mjomba, mbona unaniambia achia wakati nimeshaachia?" Basi nikajua saa nzima imekwenda wapi. Tangu siku hiyo simu inabaki ndani, na tunajibizana kwa sauti kama makuli: "Shika!" "Nimeshika!" "Achia!" "Nimeachia!" Majirani wanacheka, lakini breki zinashika.

Kila mizunguko mitano, simama uongeze mafuta. Usisubiri yafike mstari wa chini. Kikopo kikikauka, masta inajaa hewa na unarudi tairi la kwanza. Kama gari lina ABS, mfumo unaozuia tairi kukwama na kuteleza ukikanyaga breki, ni mbaya zaidi, kwa sababu hewa inaweza kukwama ndani ya kitengo chake na kuhitaji mashine ya kuitoa.

Tairi lenye paipu mpya litatoa hewa nyingi mwanzoni: kwanza linakohoa hewa tupu, halafu povu kama la sabuni, halafu vipovu vya mmojammoja. Endelea hadi mafuta mapya, meupe ya rangi ya asali changa, yatoke mara tano mfululizo bila povu. Ndipo uhamie tairi lingine. Usiruke tairi hata kama hukuligusa. Mafuta meusi yaliyomo yameshanyonya maji. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Ikishakunywa maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 140 tu, na diski zikipata moto kwenye mteremko mrefu hufika huko. Mafuta yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea kama hewa.

Mafuta yaliyotoka usiyarudishe kwenye kikopo hata yakionekana safi.

Ukiwa peke yako: jaza kikopo, fungua nipeli ya tairi moja, mrija ndani ya chupa, uache mafuta yashuke kwa uzito wake. Ni polepole mno lakini hainyonyi hewa, mradi usiondoke ukasahau kikopo. Ukitumia pampu ya kuvuta kwenye nipeli utaona vipovu visivyoisha. Vingi vinapita kwenye uzi wa nipeli, havitoki ndani ya breki.

Maliza kwa kukaza nipeli kiasi, karibu Nm 8. Ni ndogo na ina tundu katikati. Zirudishie vifuniko vyake vya mpira.

## Hatua ya 8: Kagua kabla ya tairi kurudi

Safisha viungo vyote vikauke kabisa. Rudisha waya wa betri, gia kwenye P au huru, hendibreki juu, washa gari. Msaidizi akanyage kwa nguvu ashikilie dakika nzima. Wewe pita kila nati na karatasi laini ya chooni. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kiungo kikilowa, kaza kidogo. Kikilowa tena, fungua uukague mdomo, usiendelee kukaza.

Halafu zima injini, kanyaga mara nne au tano hadi pedeli iwe ngumu, endelea kushikilia, na uwashe. Pedeli itashuka kidogo na kusimama. Hiyo ni busta, kifaa kinachouongezea mguu wako nguvu, inaanza kazi na ni dalili njema. Ikiendelea kuzama polepole hadi chini, kuna mahali panavuja, ndani au nje.

## Pedeli bado laini?

Usinunue kitu bado. Fuata hivi:

Vuta hendibreki kwa nguvu, kisha kanyaga. Pedeli ikipanda juu, upepo haupo. Shuu za nyuma ziko mbali na dramu, na mafuta mengi yanatumika kuzisogeza tu. Rekebisha kirekebishio cha ndani ya dramu hadi tairi lizunguke likisugua kidogo sana. Kwa Toyota za dramu, hii ndiyo sababu ninayoikuta zaidi, na ndiyo inayouza masta silinda nyingi zisizohitajika.

Angalia nipeli za mbele ziko juu au chini. Kama umefungua kalipa zote mbili, huenda umezibadilishana kushoto na kulia. Nipeli ikiwa chini, hewa inakaa juu yake na haitatoka kamwe.

Bana mipira ya breki kwa klampu yenye mdomo wa duara. Koleo la kawaida linaichana. Bana yote, kanyaga. Pedeli ikiwa ngumu, masta ni nzima. Achia mmoja mmoja: utakapoachia na pedeli ikalegea, tairi hilo ndilo lenye tatizo. Mpira wenyewe ukivimba mtu akikanyaga, umechoka.

Mipira yote imebanwa na pedeli bado inazama, na nje hakuna tone? Sasa ndiyo, raba za ndani ya masta zimekwisha.

Taa ya ABS imewaka, au kikopo kilikauka? Peleka kwenye mashine. Kama breki hazishiki, liende kwa gari la kuvuta.

## Hatua ya 9: Barabarani

Rudisha matairi, shusha gari, kaza nati kwa msalaba hadi karibu Nm 103. Kabla ya kutia gia, kanyaga breki hadi pedeli iwe ngumu. Kama uligusa kalipa, mkanyago wa kwanza utakwenda chini bure, na hutaki ugundue hilo ukirudi nyuma kuelekea geti la jirani.

Zunguka uwanjani kwa mwendo wa kutembea, mkono kwenye hendibreki. Simama mara kumi. Kisha barabara tupu, kilomita 20 kwa saa, halafu 40. Gari lisimame limenyooka. Likivuta upande mmoja, upande wa pili haushiki sawasawa. Rudi ukautoe upepo tena.

Mafuta machafu tia kwenye chupa yenye kifuniko uandike juu yake, maana yakikaa jikoni yanafanana na mafuta ya kula. Yapeleke gereji inayokusanya mafuta machafu, usimwage mtaroni.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha gari, tazama kikopo na uingie chini na karatasi yako. Rudia baada ya wiki. Kiwango kikiwa palepale na karatasi kavu, tupa ile paipu ya zamani.